Waraka wa Wazi kwa Taasisi ya Chakula na Lishe: Tuandikieni Mwongozo wa Kula na Bendi ya Tumbo

Mkurugenzi Mtendaji,
Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania,
Dar es Salaam.

Nakala: Katibu Mkuu, Wizara ya Afya.

YAH: OMBI LA MWONGOZO WA KULA KWA WATU WALIOWEKEWA BENDI YA TUMBO

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mmoja wa Watanzania waliosafiri kwenda kufanyiwa upasuaji wa kupunguza unene na kurudi nyumbani na bendi tumboni. Naandika hadharani kwa sababu wengi wetu tunaficha hali hii hata kwa ndugu wa karibu, na mficha maradhi, wahenga walishasema, kifo kitamuumbua. Ninachokiomba kwa ofisi yako ni kijitabu chepesi cha Kiswahili kitakachomfundisha mtu mwenye bendi namna ya kula chakula cha kwetu kwa raha na usalama, hasa katika siku zinazofuata kila marekebisho ya bendi.

Nieleze kwanza kifaa chenyewe, maana wapo maofisa lishe ambao hawajawahi kukutana nacho. Bendi ni pete laini ya silikoni inayozungushwa sehemu ya juu ya tumbo la chakula. Juu ya pete hubaki kifuko kidogo, cha ujazo wa takriban mililita 15 hadi 30. Upande wa ndani wa pete kuna mpira unaojazwa maji ya chumvi kwa kupitia mrija. Mrija huo umeunganishwa na poti, yaani kisanduku kidogo kilichoshonewa chini ya ngozi ya tumbo. Daktari akichoma sindano kwenye poti na kuongeza maji, pete hukaza, akiyapunguza, hulegea. Marekebisho ya kwanza kwa kawaida hufanywa wiki 4 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha huendelea kidogo kidogo mpaka ipatikane hali ambayo mtu anakula chakula cha kawaida, anashiba kwa kiasi kidogo, na shibe inakaa naye saa kadhaa.

Upasuaji huu una damu ya ukanda wetu ndani yake. Daktari wa kwanza kuiweka bendi inayorekebishika kwa njia ya matundu madogo, bila kupasua tumbo wazi, ni Mitiku Belachew, mzaliwa wa Ethiopia, aliyefanya kazi hiyo mwaka 1993 katika mji wa Huy nchini Ubelgiji. Marekani iliidhinisha bendi mwaka 2001, na kwa miaka kadhaa ikawa miongoni mwa njia zilizotumika zaidi duniani za kupasua kwa ajili ya unene. Mwafrika alikuwa mstari wa mbele katika kuibuni tiba, lakini maelekezo ya kula yaliyofuata yaliandikwa kwa jiko la Ulaya na Marekani.

Karatasi niliyopewa hospitali nilikotibiwa ilizungumzia viazi vya kuponda, jibini laini, supu ya kopo na mkate uliokaushwa kwa moto. Ilinitaka niepuke tambi na steki. Kuhusu ugali, wali wa nazi, chapati, makande, mihogo, dagaa na kisamvu haikuwa na neno. Nilirudi Dar es Salaam nikiwa na bendi inayofanya kazi vizuri na maelekezo yasiyohusiana na sufuria iliyoko jikoni kwangu.

Ndugu Mkurugenzi, kula na bendi ni ujuzi unaofundishika, na msingi wake ni kuelewa kinachotokea ndani. Tonge likimezwa, umio hulisukuma kwa mibano kadhaa ndipo lipenye kwenye pete, na kazi hiyo yaweza kuchukua hadi dakika nzima. Tonge la pili likifuata kabla la kwanza halijapita, yanarundikana. Kifua hubana, mate mazito yenye ute hujaa kinywani, wengine hushikwa na kwikwi, na mwisho chakula hurudi. Mtu akielewa hivyo, kanuni zote zinamwingia akilini. Tonge liwe dogo. Litafunwe mpaka liwe rojo. Likimezwa, asubiri dakika moja kabla ya jingine. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30, kisha aondoke mezani hata kama sahani ina chakula. Asinywe huku anakula, wala kwa nusu saa hivi baada ya kula, na aachane na soda na vinywaji vyote vya gesi.

Baada ya kila marekebisho masomo huanza upya, kwa kuwa njia imekuwa nyembamba kuliko jana na yaweza kuvimba kidogo. Siku moja au mbili za mwanzo ni za vimiminika, halafu vyakula laini, halafu vigumu polepole. Tonge lililopita bila shida wiki iliyopita linaweza kukwama leo. Wengi wetu pia huona bendi imekaza zaidi asubuhi, au wakati wa msongo wa mawazo. Asiyeambiwa haya hudhani bendi imeharibika, au hujilaumu kwa uroho ambao hana.

Hapa ndipo penye hoja yangu kubwa. Wapo wanaoamini kwamba bendi ikibana hadi kuumiza ndiyo inafanya kazi, na kwamba kutapika ni gharama ya kupungua. Imani hiyo ni ya hatari. Bendi iliyokaza kupita kiasi humfukuza mtu kwenye chakula bora. Samaki hapiti, maharage hayapiti, mchicha unakwama. Vinavyopita ni aiskrimu, chokoleti, chipsi zilizotafunika, juisi yenye sukari na uji uliojaa siagi. Mtu huyo anateseka kila siku na bado mzani unapanda. Anapokula vyakula laini vyenye sukari na mafuta ili tu apate kumeza, dawa anayoihitaji ni kupunguziwa maji kwenye bendi. Kula kwa raha ndicho kipimo cha tiba iliyokaa sawa, na mgonjwa anayejua hivyo atarudi kwa daktari mapema badala ya kuvumilia.

Uvumilivu huo unaweza kuua. Kutapika mara kwa mara kunaweza kuhamisha tumbo kwenye nafasi yake ndani ya bendi au kutanua kifuko cha juu. Kukiendelea kwa wiki kadhaa, mwili unaweza kuishiwa vitamini B1, na upungufu huo huweza kuharibu ubongo na mishipa ya fahamu. Kikohozi cha usiku, kiungulia kikali na chakula kurudi kinywani wakati wa kulala ni dalili kwamba bendi imekaza mno. Mtu asiyeweza kumeza hata maji au mate yake mwenyewe anahitaji kutolewa maji kwenye bendi haraka.

Sasa niseme juu ya chakula chetu, kwa niliyojifunza mdomoni mwangu. Ugali mgumu ni mtihani kwa sababu ya mnato wake: hata ukitafunwa hujikusanya tena na kuziba. Uliosongwa laini na kuliwa kwa mchuzi, kwa kipande kidogo sana, hupita. Wali uliokauka husumbua kuliko uliopikwa kwa maji mengi. Mkate mweupe na maandazi hugeuka donge. Chapati ni ngumu zaidi ya zote. Nyama choma na mishkaki huhitaji subira ambayo karamu haiitoi. Nyama ya kusaga iliyopikwa kwenye mchuzi ni rafiki. Kuku wa kienyeji mwenye misuli hukwama pale ambapo paja la kuku wa kisasa linapita. Nyuzi za chungwa na za baadhi ya maembe ni adui, ilhali papai halijawahi kunisumbua.

Upande wa heri ni mpana vilevile. Tuna samaki wa mchuzi anayeachana vizuri na mifupa. Tuna mayai, maziwa mgando, choroko na kunde zilizoiva hadi kupondeka, na kisamvu ambacho kwa desturi kimeshatwangwa kabla ya kupikwa. Kwa siku za vimiminika tuna supu ya samaki iliyochujwa, maziwa, na uji mwepesi wa ulezi. Kwa siku za vyakula laini tuna mtori, chakula ambacho watu wa Kilimanjaro wamewalisha wazazi waliojifungua tangu enzi, wenye ndizi na nyama vilivyopondwa pamoja. Mtu mwenye bendi anashauriwa kupata angalau gramu 60 za protini kwa siku na kuianza protini kabla ya wanga. Kwa mlo wetu hilo linawezekana kabisa, iwapo kuna mtu atakayetupangia.

Ofisi yako ina uwezo huo. Ninyi mlishiriki kuandaa majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Tanzania yaliyochapishwa mwaka 2008 pamoja na Chuo Kikuu cha Muhimbili na Harvard. Mnajua kilichomo katika dagaa, katika mchicha, katika ulezi. Kinachokosekana ni kuongeza swali moja: chakula hiki kinapitaje kwa mtu mwenye njia nyembamba, na kipikwe vipi ili kipite?

Mwongozo huo usiishie kwenye sufuria, kwani sisi hatuli peke yetu. Kwenye sinia, anayekula polepole hubaki nyuma, na mwenyeji huona aibu kwamba mgeni hakushiba. Mkwe akikataa kuongezewa, watu huuliza kuna nini. Kijitabu kimpe mtu maneno ya kusema na kiwape familia maneno ya kuelewa. Kimruhusu mwenye bendi kujitengea sahani ndogo bila kuonekana ana kiburi. Kiwaeleze Waislamu wenye bendi kuhusu Ramadhani: kwanza washauriane na daktari kama wanaweza kufunga, wakifunga, wafuturu kwa kinywaji, wasubiri, ndipo waje kwenye uhogo na samaki kwa kiasi kidogo, na maji yaliyobaki wayanywe kidogo kidogo kati ya futari na daku. Kumeza futari yote kwa pupa baada ya kiu ya kutwa ni njia ya uhakika ya kuishia chooni unatapika.

Huenda ofisi ikajibu kwamba bendi inapitwa na wakati. Ni kweli kwamba madaktari wengi sasa wanapendelea kupunguza tumbo lenyewe kwa kulikata, na kwamba huko Marekani bendi ilikuwa takriban thuluthi moja ya upasuaji wa unene mwaka 2011 na leo ni sehemu ndogo mno. Lakini waliokwisha kuwekewa wapo hai, na wanakula mara tatu kwa siku. Tiba inapoachwa na madaktari, wagonjwa wake hubaki yatima, na hao ndio wanaohitaji maandishi kuliko wengine. Isitoshe, mengi ya mafunzo haya, kama kula polepole, kutafuna sana, kuanza na protini na kutenganisha maji na chakula, yatamfaa pia aliyekatwa tumbo na yule aliyewekewa puto tumboni, huduma ambayo sasa inatolewa hapa hapa nchini, katika Hospitali ya Mloganzila. Tusisahau kwamba tatizo la unene ni la wengi: utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene. Watakaotafuta tiba za namna hii wataongezeka.

Kwa hiyo naomba mambo manne.

Kwanza, kijitabu cha Kiswahili cha kula baada ya marekebisho ya bendi, kikipanga vyakula vyetu kwa hatua tatu, vimiminika, laini na vigumu, pamoja na namna ya kuvipika. Kiandikwe na maofisa lishe wakiwa wamekaa na sisi tunaoishi na bendi.

Pili, maofisa lishe wa hospitali za rufaa wapewe mafunzo mafupi ya kutofautisha bendi iliyolegea, iliyo sawa na iliyokaza mno kwa kumuuliza mtu tu anakula nini na anakulaje.

Tatu, kwa nakala hii kwa Wizara, itajwe wazi ni hospitali zipi zinaweza kuongeza na kupunguza maji kwenye bendi. Sindano inayohitajika ni ya aina maalumu isiyotoboa poti vibaya, na aina hiyo hutumika pia kwa wagonjwa wa saratani waliopandikizwa poti za kupitishia dawa. Kwa hiyo vifaa si vya kutoka mwezini. Kinachotakiwa ni utaratibu na mtu aliyefundishwa.

Nne, kila mwenye bendi apewe kadi inayoonyesha aina ya bendi, kiasi cha maji kilichomo, tarehe ya marekebisho ya mwisho na dalili za hatari, ili akifika hospitali usiku asilazimike kueleza huku anakosa pumzi.

Na kwenu wenzangu wenye bendi mtakaousoma waraka huu: kama mnatapika kila siku, kama mnalala mkikohoa, kama mmeacha samaki na mboga mkabaki na aiskrimu, msivumilie. Nendeni mkapunguziwe maji. Hakuna tuzo kwa mateso hayo.

Ndugu Mkurugenzi, tulikubali kupasuliwa ili tuishi miaka mingi zaidi na watoto wetu. Bendi bila mafunzo ya kula ni nusu ya tiba. Nusu iliyobaki iko mikononi mwa ofisi yako, na gharama yake ni karatasi, wino na nia. Tunaomba mtuandikie.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwananchi mwenye bendi ya tumbo,
Dar es Salaam.