Dhahabu Husafiri, Moshi Hubaki

Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ilijengwa wakati wa utawala wa Waingereza kwa sababu moja kubwa: kuchukua madini ya risasi. Madini yalipakiwa, yakaenda ng'ambo, na mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Leo Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012, unachimba dhahabu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na wananchi wenyewe. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini haitoshi kuuliza faida ya dhahabu hiyo inagawanywaje; hapana budi kuuliza pia sumu yake inagawanywaje.

Mtumishi yeyote aliyefika kwenye mialo ya wachimbaji wadogo anaifahamu kazi yenyewe. Mawe husagwa kwenye karasha na vumbi lake huharibu vifua. Unga huoshwa, kisha huchanganywa na zebaki ambayo hushikamana na dhahabu ikawa donge. Donge huwekwa motoni hadi zebaki itoweke. Kumbe haikutoweka. Imegeuka mvuke usioonekana wala kunuka, ambao huingia mapafuni, ukaenda kwenye ubongo na mafigo. Auvutaye kwa muda mrefu hutetemeka mikono, husahau na hukosa usingizi. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni.

Nani basi anayeuvuta? Si avaaye mkufu katika miji ya mbali, wala si mfanyabiashara aliyeleta zebaki. Tanzania haichimbi zebaki; huletwa kutoka nje, nyingine kwa magendo. Mahali pengi tajiri huitoa kwa mkopo ili mchimbaji alazimike kumwuzia dhahabu yeye peke yake. Anayevuta moshi ni kijana achomaye, mama aoshaye mchanga na mtoto mgongoni, na jirani wa duka ambamo dhahabu huchomwa tena kabla ya kupimwa.

Tangu mwaka 2019 masoko ya madini yamemwezesha mchimbaji kuijua bei halali. Hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo, mizani ya sokoni hupima dhahabu tu. Afya iliyopotea haipimwi, wala hakuna anayeilipia.

Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako ugonjwa wa zebaki uligunduliwa mwaka 1956, uliridhiwa na Tanzania mwaka 2020. Mkataba huo unazitaka nchi zichukue hatua za kukomesha uchomaji wa wazi na uchomaji katika makazi ya watu. Ahadi imekwisha kutolewa. Kinachodaiwa ni utekelezaji.

Wapo wasemao kwamba mchimbaji mdogo ni mkaidi. Hiyo ni kebehi. Kipo chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba, ambacho hunasa mvuke na kuirudisha zebaki ili itumike tena. Fundi wa kuchomelea aweza kukiunda. Mchimbaji hukikwepa kwa kuwa hawezi kuiona dhahabu yake ikiwa ndani, naye anaogopa kuibiwa. Dawa ya hofu hiyo si amri, bali ni kila mwalo kuwa na mahali pamoja pa kuchomea, mbali na nyumba, panaposimamiwa na wachimbaji wenyewe mbele ya macho ya wote. Gharama wabebe wenye leseni na wanunuzi, kwani wao ndio wavunao zaidi.

Nchi jirani nazo zishirikiane, maana bidhaa ya magendo hufuata mpaka uliolegea. Ofisa wa madini, bwana afya na mwalimu wasingoje semina. Mwalimu aonaye mwanafunzi akitoroka darasa kwenda mwaloni anajua pa kuanzia.

Risasi ya Mpanda iliondoka kwa gari moshi zamani, wananchi wakiwa hawana sauti. Leo sauti wanayo. Itakuwa aibu iwapo dhahabu nayo itaondoka na kuwaachia wanyonge kikohozi na mikono itetemekayo.