Kabla ya Saa, Mtafute Fundi

Saa iliyougharimu ukoo wetu shilingi milioni mbili kasorobo imelala ndani ya kabati la vyombo, kati ya birika la kaure na vile vikombe vya wageni ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kuvinywea. Ni saa ya Uswisi, ya otomatiki, imo kwenye sanduku lake la mbao pamoja na kijitabu cha lugha saba. Tulimpa Baba Mdogo alipotimiza miaka 60. Tulichanga miezi mitatu: kundi la simu likafunguliwa, mweka hazina akateuliwa, wasiotoa wakatajwa hadharani mpaka wakatoa. Binamu mmoja alitaka ya dhahabu, ikabidi akumbushwe kuwa Baba Mdogo ni mtu wa safu ya kwanza msikitini, na dhahabu kwa mwanamume wa Kiislamu ni haramu. Tukaafikiana chuma.

Aliivaa harusi mbili na Idi moja. Ikasimama. Duka lililotuuzia likasema mashine ile haifunguliwi hapa Dar es Salaam, inapelekwa nje, na kuikagua tu, kabla ya kipuri hata kimoja, kungekula karibu nusu ya bei tuliyoinunulia. Kundi la simu, ambalo wakati wa kuchanga lilikuwa na kelele kama mnada wa samaki Feri, likapiga kimya. Baba Mdogo hakulalamika. Alirudisha mkononi Seiko Five yake ya tangu ujana, akasema ile nyingine "ni ya heshima". Na kitu cha heshima kwetu kinakaa kabatini.

Sina ugomvi na Uswisi. Ugomvi wangu ni na imani iliyotupeleka dukani: kwamba mtu akifika umri wa kushangiliwa, 40, 50 au 60, anastahili saa "ya maana", na kwamba saa ya maana inajulikana kwa jina lake na kwa jasho linalokutoka ukisikia bei. Imani hii imeenea mpaka kwa watu wenye akili timamu. Ni ya uongo, na nadhani wenye maduka wanalijua hilo vizuri kuliko sisi.

Tuanze na kazi ya saa, maana jina likishatajwa wengi huisahau. Saa inatakiwa kukwambia ni saa ngapi. Katika kazi hiyo mashine ya magurudumu, hata ikiuzwa kwa bei ya kiwanja, ilishashindwa zamani. Taasisi ya Uswisi inayotoa cheti cha kronomita, ambacho watu hukionea fahari, inairuhusu mashine ya namna hiyo ichelewe sekunde 4 au iwahi sekunde 6 kwa siku. Iwahi hivyo mwezi mzima, umeshawahi dakika 3. Sasa chukua Casio F-91W, ile nyeusi ya plastiki inayopangwa juu ya turubai Kariakoo: kiwanda chake kinaahidi tofauti isiyozidi sekunde 30 kwa mwezi, na betri yake hukaa kama miaka 7. Ilitoka mwaka 1989 na sura yake ni ileile. Mtoto wa kidato cha pili anavaa saa iliyo sahihi kuliko ya bwana atakayekuja kumwajiri.

Kinachoendesha saa za namna hiyo ni kipande cha fuwele ya kwatzi, ambacho kikipitishiwa umeme wa betri hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Seiko ndio waliotangulia kuiuza saa ya mkono ya aina hiyo, Tokyo, tarehe 25 Desemba 1969. Waliiita Astron, na bei yake ilikuwa yen 450,000, yaani bei ya gari dogo la siku zile. Kwa hiyo mwaka 1969 tajiri ndiye aliyevaa betri, na mtu wa kawaida ndiye aliyetia saa yake ufunguo kila asubuhi. Leo tumegeuza, betri ya masikini na magurudumu ya tajiri, tukasahau kwamba tumegeuza. Na yale maandishi madogo ya Swiss Made chini ya namba 6? Kwa sheria yao ya tangu 2017, angalau asilimia 60 ya gharama za kuitengeneza saa zitoke Uswisi. Asilimia 40 zilizobaki zinaruhusiwa kuwa na pasipoti nyingine.

Watanijibu kuwa saa si kujua saa tu. Ni ufundi, ni magurudumu madogo yanayopumua. Nakubali, na huenda nikawazidi kwa mapenzi. Ndiyo maana nawakaribisha kwa fundi wangu.

Ana kimeza cha mbao chenye kisanduku cha kioo, barazani mwa duka la vitambaa, na kimeza chote hakizidi upana wa mlango. Nilimpelekea Seiko ya Baba Mdogo, iliyokuwa imeanza kuchelewa robo saa kwa siku.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Leo umeniletea mgonjwa au maiti?"

Akaigeuza kifudifudi, akachukua mpira mdogo kama ndimu, akaukandamiza kwenye mfuniko na kuzungusha. Mfuniko ukalegea bila kukwaruzwa. Akabandika kioo chake jichoni, akanyamaza. Ndani, kile kipande cha chuma chenye umbo la nusu mwezi, kinachozunguka mkono ukitikisika na kuitia saa nguvu, kilikuwa kimefanya mstari wa vumbi jeusi ukingoni. Gurudumu dogo la kwenda na kurudi lilikwenda kwa uvivu, na ule uzi wa chuma uliojiviringa, mwembamba kuliko unywele, ulitanuka na kusinyaa kama mtu mwenye pumu. "Mafuta yamekauka yakawa gundi," akasema. Akaitoa mashine yote kwa kibano, akaifungua kipande kwa kipande, akavitumbukiza kwenye glasi ya chai iliyokuwa na petroli. Gurudumu moja lilikuwa limelika. Akavuta kopo la maziwa ya unga lililojaa Seiko zilizokufa, akapekua, akapata yenye jino zima. Lile kopo ndilo ghala lake la vipuri. Akaosha, akapuliza kwa kipulizio cha mpira, akatia tone la mafuta hapa na pale kwa ncha ya sindano. Kesho yake jioni nilimlipa shilingi elfu thelathini, na saa ikawa inapiga mapigo sita kwa sekunde kama inavyotakiwa.

Seiko walianza kuuza Five mwaka 1963. Ilitengenezwa kwa wingi mno, ikavaliwa na makarani, mabaharia na walimu wa dunia nzima, na wingi huo ndio uliojaza kopo la fundi wangu. Wingi ambao mpenda majina anaudharau ndio bima ya saa hii.

Linganisha. Mwaka 2013 Swatch walitoa saa ya otomatiki iitwayo Sistem51. Ina vipande 51, skrubu moja katikati, na mashine imefungiwa vumbi lisiingie. Ni uhandisi wa kuvulia kofia. Lakini haikutengenezwa ili ifunguliwe. Ikifa haina matibabu. Nilipomsimulia fundi alicheka mpaka kioo kikamdondoka jichoni. "Hilo ni jiko la udongo," akasema. "Likipasuka unanunua jingine." Huko juu kwenye majina makubwa nako, kampuni nyingi haziuzi vipuri kwa fundi asiye na kibali chao. Mkono wa kuitengeneza saa upo barazani Kariakoo. Kipande cha kuweka ndicho kimefungiwa ng'ambo. Kwa hiyo anayeniuliza saa gani ni bora, mimi namuuliza kwanza nani ataifungua ikisimama, na anakaa wapi. Asipokuwa na jibu, bado hajafika wakati wa kuzungumza bei.

Wapo wa uwekezaji. Hawa wakishindwa kote hukimbilia Rolex ya mwigizaji Paul Newman, iliyopigwa mnada New York mwezi Oktoba 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Ni kweli, na ilikuwa zawadi. Alipewa na mkewe, Joanne Woodward, ambaye alichongesha nyuma maneno ya kumwambia aendeshe kwa uangalifu, maana mumewe alikuwa na kichaa cha mbio za magari na saa yenyewe ilikuwa ya kupimia mbio. Wasichokisimulia ni kwamba uso wa aina ile ulikuwa ukidoda madukani siku hizo. Yule mama hakununua hisa. Alimtazama mumewe, akaona anachofanya Jumapili, akanunua kinachofaa, akaandika anachokiogopa. Bei ilitoka kwenye mkono ulioivaa, na mkono wa Baba Mdogo, kwa heshima zote, haujacheza filamu.

Urithi je? Tangu 1996 Patek Philippe wana matangazo ya baba na mwana, yanayokuaminisha kwamba saa si yako hasa, unamtunzia tu kizazi kijacho. Ni mazuri mpaka yanaudhi. Lakini mimi nimeshakaa kwenye vikao vya mirathi. Watu wanamalizana na nyumba, wanamalizana na shamba, wanagombania hadi cherehani. Saa isiyotembea hupita mkono kwa mkono, kila mtu akiitikisa mara moja na kuiweka karibu na sikio.

Kosa letu kubwa, hata hivyo, halikuwa pesa. Hatukumtazama mtu. Mzee wa miaka 60 ana mkono wake, ana macho yake, ana mazoea yake. Saa tuliyomnunulia ilikuwa ya milimita 44, kwenye mkono mwembamba wa mtu aliyezoea saa ndogo. Ilimkaa kama kifuniko cha sufuria juu ya kikombe. Mishale ya fedha juu ya uso wa fedha: inapendeza dirishani, lakini bila miwani haisomeki. Mkanda wa ngozi, katika jasho la Dar es Salaam la mwezi Machi. Na mtu huyu anatawadha mara tano kwa siku! Saa imeandikwa mita 30, nasi tukadhani anaweza kuzamia nayo. Maandishi hayo maana yake ni manyunyu na rasharasha. Mtu wa maji kila siku mtafutie ya mita 100, yenye mkanda wa chuma au mpira.

Jingine dogo ambalo hakuna muuzaji aliyetuuliza: ataivaa siku gani? Saa ya otomatiki ikivuliwa hukaa kama saa arobaini, kisha inalala. Ukimpa mtu anayeivaa Ijumaa hadi Ijumaa, kila Ijumaa ataikuta inamsimulia habari za Jumapili. Huyo anafaa betri ya kawaida, au ile inayojichaji kwa mwanga kama Eco-Drive ya Citizen, mradi haifungiwi kabatini na vikombe.

Na tusidanganywe na mapambo. Katikati ya miaka ya 1950 Rolex waliwatengenezea marubani wa Pan Am saa yenye mshale wa nne, wasome saa za nchi mbili kwa pamoja. Mpaka leo mshale ule unalipiwa fedha nyingi. Mswahili akiona mshale kwenye 9 asubuhi anasema saa tatu. Anasoma saa mbili katika uso mmoja tangu utotoni, bure.

Najua neno litakalofuata. Zawadi ya bei nafuu ni dharau, watu watasemaje ukumbini? Hapo ndipo penyewe. Ile saa tulimnunulia ukumbi. Mshereheshaji aliinua sanduku juu, akatangaza nchi iliyotoka, watu wakapiga vigelegele, na kazi yake ikaishia pale. Kwanza kumpa saa mtu wa miaka 60 kuna kichekesho ndani yake. Huo ndio umri wa kustaafu kwa lazima: siku anayoacha kusaini daftari la mahudhurio, tunampa chombo cha kumhimiza awahi. Kama ni lazima iwe saa, mimi ningeanza na ile aliyonayo. Ningeiomba kwa ujanja, niioshe, nibadilishe kioo, nitie mkanda mpya, nichongeshe nyuma neno ambalo ni yeye na mimi tu tunalielewa. Hela itakayobaki apewe mkononi. Sijawahi kumwona mstaafu aliyetukanwa na hela.

Mwezi ujao Shangazi anatimiza 70. Safari hii niliwahi kabla ya mweka hazina. Nimependekeza saa ya betri, uso mweupe, namba nyeusi kubwa zote kumi na mbili, mkanda wa chuma uliopunguzwa kwa kipimo cha mkono wake, ambao nimeupima kwa uzi nikijifanya nacheza na bangili zake. Fundi ameshaiona na kuiridhia. Betri atabadilisha kwa elfu tatu.

Jibu la kwanza kwenye kundi limetoka kwa yule binamu wa dhahabu. Anauliza kama inakuja na sanduku la mbao. Nimemwambia sanduku lipo, liko kwa Baba Mdogo, ila ndani yake kuna saa, imesimama saa nne na dakika kumi, sawasawa na ile ya kwenye tangazo.