Picha ya bibi harusi si tangazo
Siku hizi mchora piko wa Segerea, Dar, hahitaji bango barabarani. Simu yake ndiyo duka. Anapiga picha, anaziweka Instagram na kwenye stetasi ya WhatsApp, wateja wanamtafuta kutoka Temeke na Kinondoni. Ni riziki ya halali, Allah amzidishie.

Lakini picha ile ina mwenyewe. Bibi harusi aliyevua mtandio mbele ya wanawake wenzake hakukubali kutazamwa na wanaume asiowajua. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ila stara ilitangulia sheria.

Mpambaji, omba ruhusa kwanza. Nawe bibi harusi, sema kabla hujalipa: mikono ruksa, uso hapana.