Acheni kutufundisha os.system

Wandugu, leo naandika na hasira kidogo, mtanivumilia. Ni kuhusu mstari mmoja wa Python ambao tunaukuta karibu kila mafunzo yanapokuja hapa Nakivale:

os.system("cls")

Mwalimu anauweka juu kabisa ya skripti ili kioo kisafishwe, programu ionekane safi. Kwenye leptopu yake ya Windows unafanya kazi vizuri. Dada aliyekaa pembeni yake na leptopu ya Ubuntu anapata "sh: 1: cls: not found". Kijana wa tatu hana leptopu, anafuata somo kwa simu ndani ya Termux, naye anapata kosa lake. Halafu mwalimu anasema nini? "Hiyo mashine yako iko na shida."

Hapana, mwalimu. Mashine haina shida. Somo lako ndilo liko na shida.

Kwa wale ambao hawajawahi kuelezwa, na wengi hatujaelezwa: os.system yenyewe haijui kusafisha kioo, haijui kunakili faili, haijui kitu. Inachukua yale maneno uliyoandika ndani ya nukuu na kuyakabidhi kwa sheli ya mashine uliyoko. Kwa Windows sheli hiyo ni cmd.exe. Kwa Linux ni sh. Hawa wawili hawakulelewa nyumba moja. cls, copy, dir na del ni maneno ya cmd.exe. Upande wa pili ni clear, cp, ls na rm. Na si maneno tu. Ukiandika nyota kama *.pdf, sh inaipanua yenyewe kuwa majina ya faili kabla programu haijaanza. cmd.exe inaiacha vile ilivyo, kila programu ijitegemee. Nukuu moja kwa sh ni kifungo, kwa cmd.exe ni alama tu kama herufi nyingine.

Kwa hiyo ukiandika os.system umeandika lugha mbili, na hiyo ya pili inabadilika kila mashine bila kukuuliza. Ni kama kumtuma mtoto ofisini na ujumbe wa Kinyabwisha bila kujua nani yuko dirishani siku hiyo.

Shule yenye pesa haioni tatizo hili, kwa sababu mashine zote zimenunuliwa siku moja na zinafanana. Kwetu huku kuna leptopu ya msaada, kuna iliyonunuliwa mtumba Mbarara, kuna iliyowekwa Ubuntu kwa sababu imezeeka na Windows inailemea, na kuna simu. Hapo sijasema kwamba sisi wenyewe tunahama. Leo mtu yuko Rubondo, mwezi ujao yuko Kampala anatafuta kazi, mwingine amepata resettlement na ameondoka. Kazi yake inaenda naye kwenye flashi. Programu inayokubali kuishi kwenye leptopu ya mwalimu peke yake ni ya mwalimu, si ya mwanafunzi.

Sasa kuna watakaosema nakuza jambo dogo, kioo kikisafishwa au kisiposafishwa mtu hafi. Sawa. Tuache cls, tuongee vyeti.

Kuna mradi mmoja, siutaji, ulitupa skripti ya kupanga vyeti vya waliomaliza kozi. Inasoma orodha ya majina, inachukua cheti cha kila mtu na kukinakili kwenye folda ya waliothibitishwa. Iliandikwa na copy. Mashine ya ukumbini ni Ubuntu, ikakataa. Ushauri kutoka kwa mkufunzi ukaja kwa WhatsApp: "Badilisheni copy iwe cp, na mikwaju igeuzwe, basi." Ikafanyika hivyo:

os.system("cp vyeti/" + jina + ".pdf tayari/")

Ikakimbia mpaka mwisho, ikaandika kwamba vyeti vyote viko tayari. Kumbe si vyote. Majina yote yenye ritifaa, ile alama ndogo ya juu, yalibaki nyuma. Watu wa Bukavu mnajua ni majina gani: M'Munga na wenzake. Sheli ilipofika kwenye ile alama ilidhani ni nukuu imefunguliwa, ikatafuta pa kuifunga, haikuona, ikalalamika na kuacha. Jina lenye alama mbili, mfano Ng'ang'a, ni kituko kingine: sheli inaona nukuu imefunguliwa na kufungwa, inazitupa zote mbili, halafu inaenda kutafuta faili ya mtu anayeitwa Nganga. Hayupo.

Cha ajabu, ile copy ya mwanzo kwenye Windows ingeyapitisha majina hayo, maana cmd.exe haijali ritifaa. Ndiyo maana mkufunzi hakuona kitu. Alidhani kuhamisha programu ni kutafsiri neno moja, kumbe alikuwa anahamia nyumba yenye sheria zingine.

Na kibaya zaidi ni ule ukimya. os.system ikishindwa haisimamishi programu. Inarudisha namba tu, na hata namba yenyewe haifanani: komandi ikitoka na kosa la 1, Windows inakupa 1, Linux inakupa 256. Nani anaiangalia? Kwenye masomo yetu sijaona mtu. Malalamiko ya sheli yalipita kwenye kioo katikati ya mistari mingi, mwisho ikaja "tayari", watu wakafunga mashine. Baadaye dada zetu wakaambiwa majina yao hayako, yaani hawakumaliza kozi. Cheti ndicho unachoambatanisha ukiomba skolashipu. Ndicho unachoonyesha ukitafuta kazi ya kujitolea kwenye shirika. Walizungushwa wiki nzima wakithibitisha kitu ambacho walishakifanya, sababu ya alama iliyo kwenye jina walilopewa na wazazi.

Sasa angalieni jinsi jambo hili lilivyo rahisi:

shutil.copy("vyeti/" + jina + ".pdf", "tayari")

Mstari mmoja. Hakuna sheli katikati. Ritifaa inapita, nafasi kati ya majina mawili inapita, mkwaju wa mbele unakubaliwa na Python hata kwa Windows. Na faili isipokuwepo, programu inasimama hapo hapo na kukutajia jina lililokosekana. (Angalizo: folda ya tayari iwepo kwanza, la sivyo utapata faili moja inayoitwa tayari na kila cheti kinafuta kilichotangulia. Path("tayari").mkdir(exist_ok=True) inamaliza hilo.) Kutafuta faili, Path ina glob. Kufuta, ina unlink. Kufunga folda nzima kuwa zip, kuna shutil.make_archive. pathlib iko ndani ya Python tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014. Hakuna cha kudownload, hakuna MB za kununua. Iko pale, imekaa, na bado mnatuletea "copy" ndani ya nukuu.

Najua kuna kazi ambazo Python haizifanyi yenyewe. Vijana wa video wanahitaji ffmpeg, wengine wanahitaji git. Hapo lazima uite programu ya nje, sikatai. Lakini iite kwa orodha:

subprocess.run(["ffmpeg", "-i", video, "ndogo.mp4"], check=True)

Kila kitu ndani ya mabano ya mraba kinafika kwa ffmpeg kama kilivyo, kipande kwa kipande, hata video ikiitwa "harusi ya M'Munga.mp4". check=True ina maana ffmpeg ikishindwa programu inapiga kelele. Moduli ya subprocess iko tangu Python 2.4 ya mwaka 2004. Wengi wanaosoma hapa walikuwa hawajazaliwa, kwa hiyo msituambie ni mambo mapya.

Orodha nayo si dawa ya kila ugonjwa. Ukiweka ["dir"] kwa Windows itakataa, kwa sababu dir si programu, ni neno la ndani ya cmd.exe. ping inataka -n 4 kwa Windows na -c 4 kwa Linux, na kwa Linux ukisahau -c haisimami mpaka uizime mwenyewe, huku bando linaisha. Na usiite "python" ndani ya skripti ukidhani ipo kila mahali. Ubuntu mpya inakuja na python3 tu, tumia sys.executable. Hayo ni ya kufundishwa, tena yanafundishika kwa nusu saa.

Mkufunzi mmoja aliniambia yeye anaandika if os.name == "nt", komandi za Windows juu, za Linux chini, tatizo kwisha. Nikamuuliza, hiyo ya chini umeijaribu lini? Akacheka. Basi hapo ndipo tulipo: nusu ya programu haijawahi kukimbia hata siku moja, na hiyo nusu ndiyo yetu.

Mwingine atasema sheli ni ujuzi wa kweli, fundi wa mitambo lazima aijue. Kweli kabisa. Mimi naipenda, nikikaa mbele ya Ubuntu siigusi mausi. Ifundisheni, ipeni siku zake. Ila mtu anayeandika komandi kwa mkono anaona jibu na kujirekebisha. Skripti inayokimbia peke yake usiku haimwoni mtu.

Na kuna hili ambalo watu wa mashirika mnapaswa kulisikia kuliko sisi. Mnatufundisha kutengeneza fomu za kujiandikisha, mtu anaandika jina lake, programu inaliingiza ndani ya os.system. Kwa sh, alama ya ; inamaliza komandi moja na kuanzisha nyingine. Kwa hiyo yeyote anayejaza fomu anaweza kuiamuru mashine yenu, mashine ambayo ina orodha za wakimbizi: majina, simu, wanakoishi. Wengine wetu tulitoka nyumbani kwa sababu jina letu lilikuwa kwenye orodha ya mtu. Mnapotuambia kuhusu ulinzi wa data kwenye semina ya asubuhi, msituletee mstari huo mchana.

Ninachoomba si pesa. Kabla flashi ya masomo haijafika Base Camp, somo likimbizwe kwanza kwenye mashine tatu: Windows moja, Ubuntu moja, simu moja yenye Termux. Faili za majaribio zisiitwe test1 na test2. Ziiteni majina yetu, yenye nafasi na ritifaa. Likikwama, lirudi kwa aliyeliandika, lisije kwetu.

Na ile cls ya juu ifuteni tu. Sijaona mwanafunzi aliyeshindwa kusoma jibu lake kwa sababu kuna mistari ya zamani juu yake.