Uzuri Unaoanzia Jikoni

Nimechoka na wasifiaji wa nyumba namba 7, Great George Street, Bristol, si mbali na kanisa kuu la mji. Husifu uso wake wa mawe, madirisha yaliyopangika sawasawa, utulivu wa mtindo wa enzi za wafalme wa Uingereza walioitwa George. Kisha, kwa sauti ya chini, hugusia kwamba John Pinney, aliyeijenga mnamo 1790, alitajirika kwa miwa ya kisiwa cha Nevis iliyolimwa na watumwa. Kana kwamba hayo ni mambo mawili!

Hebu shuka ngazi. Huko chini kuna jiko, na birika la mawe ambamo bwana alijitumbukiza katika maji baridi (kwa ajili ya afya, ati). Pero, aliyenunuliwa Nevis akiwa mtoto wa miaka 12, alimtumikia humu. Wageni juu, kazi chini: huo nao ni usanifu, tena ndio uliochorwa kwa makini zaidi. Mwaka 1999 mji ulimpa Pero daraja, kule bandarini. Nyumba bado inaitwa ya Kijojia.