Mtoto wa Kolwezi aulize: sehemu ya nini?

Mstatili uliokatwa vyumba sawa, baadhi vikatiwa kivuli ili mtoto aandike 1/2 au 3/4, wengi huuona ni somo la kupitia haraka darasa lifike kwenye hesabu zenyewe. Katika mji unaoishi kwa shaba na kobalti kama Kolwezi, haraka hiyo ni hasara. Mtoto wa Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Gécamines tangu zamani, atakua akitajiwa asilimia kila mara: ubora wa madini unaopimwa kwenye depo, kodi, mgawo wa mrabaha. Asiyezoea kuiona sehemu kwa macho atazipokea namba hizo kama anavyoambiwa.

Tuitazame Sheria ya Madini ya Kongo ilivyorekebishwa Machi 2018. Mrabaha hugawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au uchifu wenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mwalimu achore mstatili wa vyumba 20: 10 vya Kinshasa, 5 vya jimbo letu la Lualaba, 3 vya komini, 2 vya vizazi vijavyo. Nusu na robo zitaonekana papo hapo. Kisha aulize: mstatili huu mzima ni kitu gani? Si thamani ya shaba iliyouzwa, bali ni mrabaha, ambao kwa shaba ni asilimia 3.5 tu ya thamani hiyo. Kwenye mraba wa vyumba 100, vitatu na nusu ndivyo vinavyogawanywa, na fungu la komini ni 3/20 ya hivyo: nusu chumba na ushee. Katika dola 100 za shaba, ni kama senti 52. Anayesikia “asilimia 15” asijue ni ya nini, atadhani komini yake imepata dola 15.

Wapo wanaosema michoro humdumaza mtoto, kwamba akizoea kuhesabu vipande, 5/4 itamshinda. Ni kweli akiachwa hapo. Ndiyo maana baada ya mstatili mmoja huchorwa wa pili, kisha mstari wa namba. Kosa baya zaidi ni kuhesabu vipande bila kuangalia kama viko sawa. Pembetatu ikikatwa kwa mistari miwili ya mlalo iliyoachana sawa, hupatikana vipande vitatu, na ni rahisi kusema cha chini ni 1/3. Kumbe ni 5/9, zaidi ya nusu ya umbo zima. Wengine watasema madarasa yamefurika tangu elimu ya msingi ya umma ifanywe bure mwaka 2019, na kalamu za rangi hazipo. Chaki moja na karatasi ya kukunjwa vinatosha; kinachotakiwa ni muda.

Basi walimu wa Lualaba walipe somo hili siku zake, na komini zinapotangaza mapato ya madini zibandike mchoro wake ukutani, zikionyesha kizima ni kipi na fungu la wakazi ni lipi. Raia anayeweza kuusoma mchoro huo hatashindwa kudai hesabu ya kila chumba.