Usinunue kadi kabla ya kukagua njia yote

Wahariri wengi wa video huhifadhi kazi kwenye NAS, lile kasha la diski linalotumiwa na kompyuta zote studioni. Likijikokota na mteja wa harusi anapiga simu, mtu hukimbilia kadi ya mtandao ya gigabiti 10. Tulia kwanza.

Ni kweli, gigabiti 1 haipitishi zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde, na diski nzuri huzidi hapo. Lakini kama swichi na laptopu yako bado ni za gigabiti 1, pesa imeenda bure. Makasha mengi madogo hayana hata nafasi ya kuchomeka kadi.

Kwa studio ndogo, gigabiti 2.5 inatosha, tena kwa kebo ileile ya Cat5e. Kagua kwanza, ndipo utoe pesa.